Hatia, Hukumu na Adhabu: Istilahi za Rufaa ya Aliyekiri Shtaka la Dawa za Kulevya

1. Utangulizi

Mwalimu mmoja anayefundisha kisomo cha watu wazima gerezani ametuandikia barua fupi yenye swali moja. Miongoni mwa wanafunzi wake yumo kijana aliyekiri shtaka la kusafirisha bangi mbele ya mahakama ya wilaya, akafungwa. Kijana huyo alikuwa na karatasi ya msaada wa kisheria iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, nayo ilimweleza kwamba mtu aliyekiri kosa haruhusiwi kukata rufaa dhidi ya hukumu aliyopewa. Aliisoma, akaikunja, akanyamaza. Mwalimu alitaka kujua kama neno hukumu katika sentensi hiyo limetumika sawasawa. Jibu letu ni kwamba halikutumika sawasawa. Lakini siku tulipopokea barua hiyo, siku 45 ambazo sheria humpa mfungwa wa namna hiyo ili awasilishe rufaa yake zilikuwa zimekwisha kupita.

Karatasi yenyewe hatutaitaja jina, wala hatutamtaja aliyeifasiri. Kosa lililomo si lake peke yake. Tumelikuta katika habari za magazeti, katika majibu ya makarani, katika vitini vya mafunzo na, hatuna budi kukiri, katika baadhi ya faharasa tulizopitia sisi wenyewe bila kuinua kalamu. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza kosa hilo kwa makini, kuonyesha limetoka wapi, na kupendekeza njia ya kuliepuka. Sisi si mawakili, na wala hatukusudii kumshauri mtu yeyote juu ya shauri lake. Kazi yetu ni maneno. Hata hivyo, yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba katika jambo hili mlango wa haki unaning'inia juu ya maneno matatu, yaani hatia, hukumu na adhabu, na anayeyachanganya huufunga mlango huo hata kama nia yake ilikuwa kuufungua.

2. Sheria inasema nini

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, iliyotungwa 1985, ina kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kwa namba 360. Kwa maneno yetu wenyewe, kifungu hicho chasema kwamba mshtakiwa aliyekiri shtaka na kutiwa hatiani na mahakama ya chini kwa sababu ya kukiri huko hataruhusiwa kukata rufaa, isipokuwa kuhusu kiasi au uhalali wa adhabu. Sheria ya Kenya inayo kanuni ya namna hiyo hiyo katika kifungu chake cha 348.

Msomaji atazame jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa. Ina katazo na ina ruhusa. Katazo lahusu hatia, kwa kuwa aliyesema kwa kinywa chake kwamba ametenda kosa hawezi kurudi kesho na kulalamika kwamba ushahidi haukutosha, maana hapakuwa na ushahidi uliotakiwa kupimwa. Ruhusa yahusu adhabu. Kukiri shtaka si kukubali adhabu yoyote itakayotolewa. Mtu anaweza kukubali kwamba alitenda, na bado akawa na haki ya kuuliza kama mahakama ilikuwa na uwezo wa kumpa adhabu ile, kama kifungu kilichotumika ndicho chenyewe, na kama kiasi cha kifungo kililingana na uzito wa tendo lake.

Aidha, hata lile katazo la kwanza si ukuta usio na ufa. Mahakama Kuu ya Tanzania, katika uamuzi uliochapishwa katika ripoti za sheria za 1983 na ambao hurejewa mara kwa mara mpaka leo, ilitaja hali nne ambazo humruhusu aliyekiri kupinga hatia yenyewe. Ya kwanza ni pale ambapo kukiri kwake, hata baada ya kuzingatia mambo aliyoyakubali, kulikuwa na kasoro, au kulikuwa na utata, au hakukukamilika, na kwa hiyo mahakama ilikosea kukuhesabu kuwa ni kukiri. Ya pili ni pale alipokiri kwa kukosea au kwa kutoelewa. Ya tatu ni pale ambapo shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria. Ya nne ni pale ambapo mambo aliyoyakubali, hata yakiwa kweli yote, hayakutosha kisheria kumtia hatiani kwa kosa aliloshtakiwa.

Katika hali hizo nne, mbili za mwanzo ni za lugha kabisa. Utata ni jambo la lugha, na kutoelewa ni jambo la lugha. Hapo ndipo tunapoona kwamba mfasiri, mkalimani, karani na mwanaistilahi hawasimami nje ya chumba cha mahakama, bali wamo ndani yake, hata kama hawaonekani.

3. Neno hukumu

Sasa turudi kwenye karatasi ya yule kijana. Sheria yasema rufaa haipo ila kuhusu adhabu. Mfasiri ameandika kwamba rufaa haipo dhidi ya hukumu. Je, hukumu ni nini?

Katika matumizi ya kila siku, neno hukumu limebeba mizigo mitatu. Kwanza, ni uamuzi wote wa mahakama pamoja na sababu zake, ule ambao hakimu huuandika na kuusoma. Pili, ni tamko kwamba mshtakiwa ana hatia. Tatu, ni adhabu yenyewe. Ndiyo maana twasema fulani amehukumiwa kifungo cha miaka 30, na twasema hukumu ya kifo. Mizigo yote mitatu ni halali katika mazungumzo, kwa kuwa wasemaji hujua kutokana na mazingira ni upi unaokusudiwa. Lakini katika karatasi inayomweleza mfungwa haki zake, mazingira hayamsaidii. Yeye alichopewa ni miaka, na miaka hiyo ndiyo aijuayo kwa jina la hukumu. Ukimwambia hana rufaa dhidi ya hukumu, atafahamu kwamba hana rufaa dhidi ya miaka. Nalo hilo ndilo jambo hasa ambalo sheria imemruhusu.

Kwa hiyo sentensi ile haikuwa na upungufu mdogo wa ufasaha. Ilisema kinyume cha sheria, na ilikisema kwa Kiswahili kizuri. Mara nyingi sisi wahakiki wa tafsiri hukimbilia kusahihisha upatanisho wa kisarufi na viambishi, tukaiacha sentensi iliyonyooka ipite kwa sababu haina doa. Tafsiri ya namna hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani msomaji hana sababu ya kuitilia shaka.

Kuna wanaosema kwamba neno hukumu ni la zamani, limo katika lugha tangu mababu wa pwani, na kwamba kulibana ni kuinyang'anya lugha mali yake. Hoja hiyo twaiheshimu. Hatupendekezi mtu yeyote aache kusema hukumu ya kifo, wala hatudhani kwamba barua zetu zingeweza kumfanya aache. Tunachosema ni kwamba lugha ya kawaida na lugha ya hati ya kisheria zina wajibu tofauti. Fundi seremala akiwa nyumbani anaweza kusema mbao. Akiwa kazini hana budi kusema ni mninga au ni mvule, la sivyo ataletewa asichokitaka. Katika hati zinazohusu rufaa, hukumu iwe ni uamuzi wa mahakama pamoja na sababu zake. Kutiwa hatiani iwe ni tamko la hatia. Na adhabu iwe ni kile anachopewa mtu baada ya kutiwa hatiani. Maneno yote tunayo. Hakuna hata moja linalohitaji kubuniwa.

Neno jingine la kutazamwa ni kiasi. Tumeona wafasiri wakiandika kwamba aliyekiri aweza kukata rufaa kuhusu ukali wa adhabu. Ukali ni sifa ya upande mmoja, na kiasi ni kipimo chenye pande mbili. Tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa mahakama inayosikiliza rufaa ya adhabu ina uwezo wa kuipunguza, na pia ina uwezo wa kuiongeza. Anayeambiwa kwamba rufaa yake ni ya ukali atadhani kwamba mambo yaweza tu kwenda kuwa mepesi. Kiasi ni neno la haki zaidi, kwani halimpi mtu tumaini ambalo sheria haikumpa.

4. Kukiri nini?

Neno la pili lenye matatizo ni kukiri, na hasa lile linaloandamana nalo, yaani kosa. Kwa desturi huandikwa kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Lakini kosa katika Kiswahili ni zaidi ya tendo linalokatazwa na sheria. Ni upungufu, ni utovu wa adabu, ni kuteleza. Kijana aliyelelewa vyema, akisimamishwa mbele ya mtu mzima mwenye cheo na kuulizwa kama amekosa, hufundishwa kujibu: nimekosa mzee wangu, naomba unisamehe. Jibu hilo ni la heshima. Hulitoa hata aliyesukumwa na mwenzake akamwaga maji. Mbele ya baba au mwalimu, jibu hilo hupoza ugomvi. Mbele ya hakimu, likiandikwa kama lilivyosikika, laweza kugeuka kuwa msingi wa kifungo kirefu.

Sheria yenyewe imeitambua hatari hiyo. Inaagiza kwamba mshtakiwa akikubali ukweli wa shtaka, maneno yake yaandikwe kwa kukaribia kadiri iwezekanavyo maneno aliyoyatumia mwenyewe. Tangu 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuonya kwamba kila sehemu ya shtaka yapaswa kuelezwa, na mshtakiwa atakiwe kuikubali au kuikana kila moja. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la 1973, ambalo mahakama za Tanzania na Kenya huendelea kulitegemea, mahakama hiyo ilipanga hatua kwa utaratibu: shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoifahamu mshtakiwa, maneno yake yaandikwe, akikubali, iandikwe kwamba amekiri, kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyafafanua au kuongeza mengine, akileta jambo linalotia shaka hatia yake, kukiri kufutwe na iandikwe kwamba amekana.

Kwa miaka mingi agizo la kuandika maneno ya mshtakiwa mwenyewe lilitekelezwa kwa namna ya ajabu. Katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake, mshtakiwa alisema kwa Kiswahili, naye hakimu akaandika kwa Kiingereza. Maneno yaliyotakiwa kukaribia yale aliyoyatumia yalikuwa tayari yamevuka mpaka wa lugha kabla wino haujakauka. Nayo mahakama ya juu, ilipoulizwa kama kukiri kulikuwa na utata, ilipewa kivuli cha maneno hayo. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale ambapo haki inadai hivyo. Hatua hiyo imetuondolea kisingizio. Jibu la mshtakiwa likiandikwa kwa lugha aliyolisemea, utata wake utaonekana wazi, na istilahi zetu pia zitaonekana wazi, nzuri na mbovu.

Yapo pia mambo matatu ambayo yote huitwa kukiri, na ambayo hayana nguvu moja. Mtu aweza kukiri polisi, katika maelezo ya onyo. Aweza kukiri mbele ya mlinzi wa amani. Aweza kukiri mahakamani, anapojibu shtaka. Lile katazo la rufaa linahusu kukiri kwa namna ya tatu tu. Aliyekiri polisi, kisha akakana mahakamani, shauri lake litasikilizwa kwa ushahidi, na akitiwa hatiani haki yake ya kukata rufaa juu ya hatia na juu ya adhabu i kamili. Hata hivyo tumesikia watu wakiambiana kwamba fulani alikiri, basi hana rufaa, ilhali kukiri kwenyewe kulikuwa kwenye karatasi ya polisi. Kwa sababu hiyo twapendekeza kukiri shtaka kwa jibu linalotolewa mahakamani, na ungamo kwa maelezo ya kukubali kosa yaliyotolewa nje ya kujibu shtaka.

Twafahamu kwamba msemo kukiri kosa umekwisha kuingia mahali pengi. Utaratibu ulioletwa na sheria ya 2019, ambao mshtakiwa na upande wa mashtaka huafikiana kabla ya kukiri, umezoeleka kwa jina la makubaliano ya kukiri kosa. Jina hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa makubaliano yenyewe huandikwa na kusainiwa. Madhara yako katika lile swali fupi linaloulizwa kwa haraka asubuhi, mbele ya foleni ya washtakiwa.

5. Kusafirisha bila kusafiri

Tufikie sasa neno ambalo katika mashauri ya dawa za kulevya lina uzito kuliko yote. Sheria ya Udhibiti na Mapambano Dhidi ya Dawa za Kulevya ya 2015 inalo kosa kuu ambalo hati za mashtaka na magazeti huliita kusafirisha dawa za kulevya. Adhabu zake, baada ya marekebisho ya 2017, hufikia kifungo cha miaka 30 na hata cha maisha, kutegemea aina na uzito. Kwa mfasiri, jambo la kuangalia ni tafsiri ya neno hilo iliyotolewa na sheria yenyewe. Ndani yake mmetiwa kuingiza nchini na kutoa nje, kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kuwa na, kuzalisha, kutengeneza, kupeleka na kugawa. Kwa maneno mengine, mtu aliyelala nyumbani kwake na mzigo chini ya kitanda aweza, kisheria, kuwa amesafirisha.

Mswahili gani atalifahamu hilo kwa kusikia tu kusomewa shtaka? Kusafirisha kwake ni kutia kitu katika chombo na kukipeleka mbali. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa makosa ya aina mbili yanayopingana. Aliyekutwa na mzigo nyumbani atakana, akisema hakusafirisha chochote, na mahakama itamwona msumbufu. Aliyebeba mzigo bila kujua kilichomo atakubali, kwa kuwa kubeba alibeba kweli.

Tutoe mfano, ambao ni wa kubuni na hauhusu shauri la mtu yeyote. Mpagazi wa stendi amepewa mfuko aupeleke kwenye basi. Polisi wanaufungua, wanakuta bangi. Mahakamani anaulizwa kama ni kweli alisafirisha bangi. Anajibu: ni kweli mheshimiwa, mfuko niliubeba mimi. Inaandikwa kwamba amekiri. Je, amekiri nini? Amekiri kubeba mfuko. Hajakiri kwamba alijua alichokibeba, na kama angeulizwa hilo, huenda angeeleza jambo ambalo ni utetezi unaopasa kusikilizwa. Hapa utata haukutoka kwa mshtakiwa, kwani alisema Kiswahili safi. Utata ulitoka katika istilahi aliyoulizwa nayo. Mpagazi huyo akipata mtu wa kumwandikia rufaa, sababu yake ya kwanza itakuwa ni neno letu.

Wako waliopendekeza ulanguzi badala ya kusafirisha, na magazeti ya Kenya yamekwisha kulizoea neno hilo katika habari za mihadarati. Lina faida moja kubwa: hakuna mtu atakayekiri kwa bahati mbaya kwamba amelangua, kwa kuwa neno lenyewe lina harufu ya hatia. Lakini Tanzania neno hilo limebeba historia yake. Wasomaji wenye umri wanakumbuka 1983 na msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, ambapo mlanguzi alikuwa mwenye kuficha sukari na sabuni ili aziuze kwa bei ya kuruka. Ulanguzi hapa kwetu unasikika kuwa biashara ya bei, na aliyehifadhi tu mzigo wa mwingine hatajiona humo. Biashara haramu ya dawa za kulevya nayo, ingawa yasikika vizuri katika hotuba, inamwacha nje yule ambaye hakuuza wala kununua.

Baada ya kupima hoja za pande zote, twaona kwamba hakuna neno moja litakaloweza kubeba matendo yote hayo bila kumpotosha mtu mmoja au mwingine. Kwa hiyo dawa haimo katika kutafuta neno jipya, bali imo katika kutolitumia neno la jumla peke yake. Jina la kosa libaki kama lilivyozoeleka, lakini maelezo ya shtaka yalitaje tendo: kwamba mshtakiwa alihifadhi, au alibeba, au aliuza, au alikutwa na, tena akijua ni kitu gani. Mshtakiwa aulizwe juu ya tendo hilo. Jibu lake litakuwa la tendo, na mahakama ya juu haitalazimika kukisia.

Juu ya jina la vitu vyenyewe tutasema kidogo tu. Dawa za kulevya ndilo jina sanifu, na madawa ya kulevya yaachwe. Usahihisho huo wengi wanaujua, na tumewasikia wakiurudia kwa bidii. Laiti bidii hiyo ingetumika pia kwa maneno yanayoamua miaka ya mtu.

6. Pingamizi tulizozisikia

Tulipoyajadili mambo haya na wenzetu, walituletea pingamizi mbili. La kwanza lilikuwa kwamba mfungwa hatasoma istilahi, bali atamsikiliza wakili au karani. Laiti kila mfungwa angekuwa na wakili! Wengi hawana. Huandika rufaa zao kwa msaada wa mfungwa mwenzao mwenye mwandiko mzuri, na chanzo chao cha elimu ni karatasi kama ile iliyotuletea mjadala huu.

La pili lilikuwa kwamba mwenye hatia ya dawa za kulevya hastahili huruma. Sisi hatujaomba huruma. Dawa za kulevya zimeharibu nyumba nyingi katika miji ya pwani na bara, na sheria ina haki ya kuwa kali. Lakini sheria hiyo hiyo, kwa ukali wake wote, imeacha njia ya rufaa kwa makusudi, na haikumpa mfasiri mamlaka ya kuiziba. Tena kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo makosa ya maneno yanavyokuwa ghali. Pale ambapo sheria imeweka kiwango kimoja cha adhabu kisichopunguzika, rufaa kuhusu kiasi hubaki na nafasi ndogo, na tegemeo la mkata rufaa huwa ni uhalali wa adhabu na usahihi wa kukiri kwenyewe. Hapo tofauti kati ya maneno haya huwa ndiyo tegemeo pekee.

7. Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, twapendekeza wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayatumie maneno yafuatayo kwa maana zilizotajwa, kila wanapoandika habari za rufaa:

Kukiri shtaka: kukubali mahakamani, katika kujibu shtaka lililosomwa, kila sehemu ya shtaka hilo.

Ungamo: maelezo ya kukubali kosa yaliyotolewa polisi au mbele ya mlinzi wa amani.

Kukiri kwenye utata: jibu ambalo halionyeshi wazi kama mshtakiwa amekubali au amekana shtaka.

Kutiwa hatiani: tamko la mahakama kwamba mshtakiwa ana hatia.

Adhabu: kifungo, faini au kingine anachopewa mtu baada ya kutiwa hatiani.

Hukumu: uamuzi wa mahakama pamoja na sababu zake, isitumike kwa maana ya adhabu katika hati za rufaa.

Kiasi cha adhabu: kipimo chake, kiwe kikubwa au kidogo.

Uhalali wa adhabu: kama mahakama ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuitoa.

Kusudio la kukata rufaa: taarifa ambayo kwa kawaida hutakiwa kutolewa ndani ya siku 10 tangu uamuzi.

Hati ya rufaa: maandishi yenye sababu za rufaa, yanayowasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kupata nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu.

Na ile sentensi iliyokuwa katika karatasi ya kijana, twapendekeza isomeke hivi: Mtu aliyekiri shtaka na kutiwa hatiani kwa kukiri kwake anaweza kukata rufaa kuhusu kiasi au uhalali wa adhabu aliyopewa. Hawezi kupinga hatia, isipokuwa kama kukiri kwake kulikuwa na utata, au alikiri bila kuelewa, au shtaka halikuonyesha kosa, au mambo aliyoyakubali hayakutosha kuwa kosa hilo. Msomaji ataona kwamba tumeanza na ruhusa, tukamalizia na katazo. Sheria ilianza na katazo, kwa kuwa sheria huwaambia mahakimu mipaka yao. Karatasi ya msaada humwambia mfungwa haki yake. Basi ianze na haki hiyo.

8. Hitimisho

Mwalimu tumemjibu. Tumemweleza maana ya kila neno, na tumemweleza pia kwamba kupita kwa siku 45 si mwisho wa yote, kwani Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa mkata rufaa ataonyesha sababu ya kutosha. Kama kupotoshwa na tafsiri ni sababu ya kutosha, hilo ni la mahakama kuamua, nasi hatuwezi kulisemea. Tulimwomba amsaidie kijana kuandika maombi hayo, na katika maombi aiambatanishe ile karatasi kama ilivyo, bila kuisahihisha.

Wasomaji walio na vipeperushi, fomu au vitini vinavyoeleza haki ya kukata rufaa tunawaomba wavipitie, watazame neno hukumu limesimama mahali pa neno gani, na watuletee watakayoyaona pamoja na maoni yao juu ya mapendekezo haya. Anayeona tumekosea asisite kutuambia. Tutachapisha masahihisho yake, kwa kuwa katika jambo hili kosa letu hulipwa na mtu mwingine.